Mashine Iliyokuwa na Kiu

Chumba chetu cha kufulia kina upana wa sentimita 118 na urefu wa sentimita 164. Zamani kilikuwa stoo ya mkaa, na hadi leo ukisugua ukuta wake kwa kitambaa kibichi, kitambaa kinatoka cheusi. Kiko uani, hapa Tabata, Dar es Salaam, kati ya choo cha nje na ukuta wa jirani. Kina bomba moja, tundu moja la kutolea maji na kidirisha cha nondo. Vipimo hivyo sasa nimevikariri. Ningevijua mapema, nisingepata taabu ya miezi minne ninayotaka kuisimulia hapa, ili mwenzangu anayejiandaa kununua mashine ya kufulia asiipitie.

Tuko watu saba nyumbani: mimi, baba watoto, watoto watatu, mama mkwe wangu aliyehamia kwetu kutoka Pangani baada ya vidole kuanza kumuuma, na dada anayetusaidia kazi. Kila Jumamosi dada aliloweka nguo saa kumi na mbili asubuhi, na adhuhuri ilimkuta bado ameinama kwenye beseni. Alipoinuka alishika kiuno kwa mikono miwili kama mwanamke wa miaka 60, naye hajafika 25. Nilikuwa nikiliona jambo hilo kila wiki. Nikachukua mkopo kwenye ushirika wetu wa walimu, nikaenda Kariakoo.

Muuzaji alinionyesha mashine ya mlango wa mbele, ya kilo 8. Akanieleza programu zake zote, akanieleza kwamba inazunguka mara 1,400 kwa dakika ikikamua. Hakuniuliza swali hata moja kuhusu nyumba yangu, nami sikujua kwamba kuna la kuulizwa. Nililipa, ikapakiwa kwenye kirikuu, ikaja.

Mashine nyingi za mlango wa mbele zina upana wa sentimita 60 na kimo cha 85. Kinachotofautiana ni kina, yaani kutoka kioo cha mbele hadi mgongo wake: nyingine 45, nyingine 60 na zaidi. Yangu ilikuwa ya 60, na mipira ya maji nyuma yake ilidai sentimita 8 nyingine. Mlango wa chumba una uwazi wa sentimita 66, kwa hiyo ilipita, baada ya kuvuliwa boksi na vijana wawili kuchubuka vidole. Lakini bomba letu na tundu la maji viko kwenye ukuta mrefu. Mashine ilipokaa hapo, mbele yake ilibaki nafasi ya sentimita 50. Ukifungua ule mlango wa mviringo, nafasi yote imekwisha. Hapakuwa na pa kuchuchumaa kuingiza nguo, sembuse pa kuweka beseni.

Aliyeileta aliichomeka, akaiwasha kuhakikisha taa zinawaka, akaenda zake. Tuliizungusha tupu ili tuone inavyokamua, ikaanza kuruka. Si kutikisika, ni kuruka, ikatoka ukutani ikasogea kuelekea mlangoni, na mtoto wetu wa mwisho akakimbilia kwa bibi yake. Nikazima, nikakaa na kijitabu chake. Jibu lilikuwa kurasa za mwanzo, tena kwa picha. Mashine ya aina hii husafirishwa ikiwa imebanwa mgongoni kwa boliti ndefu tatu au nne, ili pipa la ndani lisigonge njiani. Pipa hilo linaning'inia kwenye springi. Ikifika nyumbani, boliti hutolewa na matundu yake huzibwa kwa vifuniko vya plastiki vinavyokuja nayo. Zikiachwa, springi hazifanyi kazi na mtikisiko wote unaingia kwenye bodi la mashine. Nikazitoa kwa spana, nikaziweka kwenye kopo tupu la Blue Band. Usizitupe. Siku ya kuhama utazihitaji.

Sasa ikatulia, lakini haikufua. Tulitia nguo, tukabonyeza, ikanguruma kwa sauti ya chini, ikangoja, kisha ikaandika herufi na tarakimu kwenye kioo na kusimama. Tukarudia siku tatu. Nikamwita fundi bomba wa mtaani kwetu, kijana ambaye niliwahi kumfundisha darasa la nne.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mashine mpya, imekufa."

Hakuigusa. Alifungua bomba, akaziba mdomo wake kwa kidole gumba, akasikilizia maji yanavyomsukuma, kisha akatoka nje akaangalia tanki.

"Mashine haiumwi, mwalimu. Ina kiu."

Kijitabu kilitaka presha ya maji isiyopungua 0.05 MPa. Herufi hizo zisikutishe. Maji yakisimama mita kumi kwenda juu, uzito wake chini ni karibu 0.1 MPa. Kwa hiyo 0.05 ni mita tano, kutoka uso wa maji kwenye tanki hadi pale mpira unapoingia kwenye mashine. Tanki letu la lita 1,000 liko juu ya zege la mita mbili, na mpira unaingia kwenye mashine karibu mita moja kutoka sakafuni. Tanki likijaa tuna mita mbili na nusu hivi. Likikaribia kwisha, mita moja na kidogo. Mashine ilikuwa inadai mara mbili ya tulichonacho, hata siku tuliyojaza tanki.

Na sababu ya kudai si maringo. Maji huingia kupitia koki ndogo ya umeme yenye ngozi ya mpira ndani, na ngozi hiyo husaidiwa na presha ya maji yenyewe kufunguka na kufunga vizuri. Presha ikiwa ndogo, maji yanaingia kwa kudondoka. Mashine inahesabu dakika, inaona hayafiki, inakata tamaa. Baadhi ya mashine huridhika na 0.03, yaani mita tatu, na nyingine hata pungufu ya hapo. Namba hiyo imeandikwa ndani ya kijitabu, wala si nje ya boksi. Mwambie muuzaji akufungulie uisome kabla hujatoa pesa. Ni haki yako, na akikataa, duka la pili haliko mbali.

Fundi akanipa kipimo ambacho tangu siku hiyo nawapa wote wanaoniuliza. Chukua ndoo ya lita 20 na saa. Iinue hadi kimo ambacho mpira wa mashine utaungwa, fungua bomba lote, hesabu. Ikijaa ndani ya dakika tatu, otomatiki yoyote itakufaa. Ikipita dakika tano, anza kuwa na wasiwasi. Ya kwetu ilijaa kwa dakika tisa. Si kipimo cha maabara, lakini kingeniokolea mkopo wangu.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, kuinua tanki. Lita 1,000 ni tani moja ya maji, na fundi alikataa katakata kupanga matofali juu ya zege la zamani, watoto wanacheza chini yake. Namheshimu kwa hilo. Ya pili, pampu ndogo inayojiwasha bomba likifunguliwa, ambayo ni suluhisho zuri kwa mwenye uwezo. Ya tatu, mashine nyingine. Duka lilikuwa limeshasema bidhaa iliyofunguliwa hairudi.

Hapo ndipo wifi yangu alipoingia. Anaishi Kinondoni, ghorofa ya pili, na tanki la jengo lao liko juu ya ghorofa ya sita. Kati yake na maji kuna zaidi ya mita kumi. Alinunua mashine yangu kwa bei ya kindugu, tukairudishia boliti zake kutoka kwenye kopo la Blue Band, ikasafiri salama. Kwake ilifua siku hiyohiyo. Mashine ileile! Nilisimama kwenye kibaraza chake cha nyuma nikiitazama inazungusha mashuka bila manung'uniko, nikaelewa kosa lilikuwa wapi. Nilichagua mashine kwa kuitazama mashine.

Kwa hiyo mara ya pili nilianza nyumbani. Nilipima chumba, mlango, kimo cha bomba, kimo cha tundu la maji. Kisha nikapima nguo zenyewe, jambo ambalo watu wengi hawalifanyi. Kilo zinazoandikwa kwenye mashine ni za nguo kavu. Dada alisimama kwenye mizani ya uzito wa mwili akiwa mikono mitupu, kisha akiwa na kapu, tukatoa. Jinsi moja ya baba watoto ni zaidi ya nusu kilo. Taulo kubwa, nusu kilo. Kanga kumi za mama mkwe, kilo mbili. Nguo zote za wiki, pamoja na sare za shule na mashuka, kilo 19. Ndipo nikajua kwamba kilo 8 hazikuwa na maana yoyote ya pekee kwetu, maana kwa mashine ya kilo 7 ni mizunguko mitatu, na ya kilo 8 ni mitatu vilevile.

Nikanunua mashine ya mapipa mawili, ile inayoitwa nusu otomatiki: pipa moja la kufulia, la pili la kukamulia. Upana wake sentimita 75, kina 43. Ukutani kwetu inaacha sentimita 70 za kusimama, kugeuka na kuweka beseni. Bei yake haikufika nusu ya ile ya kwanza.

Najua dharau iliyopo juu ya mashine hii. Watu huiita ya kuanzia maisha, na mgeni mmoja aliwahi kuniuliza nitanunua lini "ya kweli". Mimi nasema kwa nyumba yenye maji ya ndoo na umeme wa kukatika, hii ndiyo ya kweli. Haidai presha, kwa sababu bomba likikauka unaimiminia maji kwa ndoo. Haina kompyuta ndani, ina swichi za kuzungusha kama saa ya jikoni, dakika 15 za kufua na dakika 5 za kukamua. Umeme ukikatika unafunua mfuniko unatoa nguo zako. Mkanda wake ukichakaa, au kapasita ikifa, fundi wa mtaani anaijua na kifaa kinapatikana. Na haina hita, kwa hiyo kufua kwa dakika 15 kunakula kiasi cha sehemu ya kumi ya uniti moja ya umeme wa LUKU.

Kwa hesabu ya lita tupu, mashine ya mlango wa mbele ndiyo inayobana maji zaidi, lita 50 hivi kwa mzunguko. Otomatiki ya kufungulia juu inaweza kupita lita 100. Ya mapipa mawili inategemea akili ya anayefua. Oktoba 2022, Mto Ruvu uliposhuka na DAWASA, mamlaka yetu ya maji, ikagawa maji kwa zamu, majirani wenye otomatiki walirudi kwenye beseni. Sisi tuliendelea. Ndoo mbili na nusu zinaingia pipani, sabuni inakorogeka. Kwanza sare nyeupe za shule. Zikitoka, maji yaleyale yanapokea nguo za rangi nyepesi, kisha jinsi na nguo za kazi za baba watoto, mwisho madekio. Maji ya kusuuzia hayamwagwi, yanakuwa maji ya kufulia ya mzunguko unaofuata, au yanakwenda chooni. Mashine inayojiamulia kila kitu haikupi nafasi ya kufanya hivyo.

Lakini lazima niseme na upande wake mgumu, maana nisingependa mtu aninunie baadaye. Lazima mtu awepo. Nguo zinahamishwa kwa mkono kutoka pipa hadi pipa zikiwa zimejaa maji, na shuka la futi sita kwa sita lililolowa ni zito. Pipa la kukamulia ni dogo kuliko la kufulia, kwa hiyo unakamua kwa mafungu. Kuna ufundi wake pia. Dada anazipanga nguo kuzunguka kama anayepanga vitumbua kwenye hotipoti, anazikandamiza kwa kiganja, anaweka kile kifuniko chembamba cha plastiki juu yake, ndipo anafunga. Nguo zikilala upande mmoja, pipa linagonga, gudu-gudu-gudu, na anaweza kulisikia akiwa jikoni. Anafunua mfuniko, breki inalisimamisha, anapanga upya. Zikikaa sawa, sauti inapanda, inakuwa nyembamba, kisha maji yanatoka kwenye mpira kwa kishindo na kupungua hadi tone tone. Shati likitoka hapo linahitaji saa moja kwenye kamba, na msimu wa mvua za masika hilo si jambo dogo.

Mpira wake wa kutolea maji hulazwa chini, kwa kuwa maji hutoka kwa kuteremka tu. Mashine ya mlango wa mbele ni kinyume: ina pampu, na mpira wake lazima upandishwe, kwa kawaida kati ya sentimita 60 na 100, la sivyo maji yanatoroka huku inajaza na wewe unalipia bure. Mafundi wengi huusahau mpira huo. Sakafu nayo iwe imara, na miguu ya mashine isawazishwe kwa pima maji, si kwa kipande cha boksi.

Kuhusu umeme, nirudi kwa wifi yangu. Mashine yake ina hita, na hita inapowaka inavuta kiasi cha wati 2,000. Alikuwa ameiunganisha kwa ekstensheni iliyopita chini ya zulia. Baada ya wiki mbili plagi ilikuwa imegeuka kahawia na kunuka. Mashine yenye hita ipate soketi yake yenyewe ukutani, yenye waya wa ethi unaofanya kazi, na fundi umeme athibitishe kwa kifaa, si kwa macho. Mahali penye maji, sakafu imelowa, mtu miguu mitupu, hapana mzaha. Kifaa cha kulinda friji dhidi ya umeme mdogo mara nyingi ni cha ampea 5, hakiwezi mashine ya hita. Tafuta cha ampea 13 au zaidi.

Wifi pia alikuwa akifua kila kitu kwa nyuzi 60, akiamini baridi haitoi uchafu. Mzunguko mmoja wa nyuzi 60 unakaribia uniti nzima. Kwa anayelipia ule umeme wa matumizi madogo, Sh. 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, mizunguko minane tu inaanza kumsogeza mpakani. Na kwetu Dar es Salaam maji kutoka kwenye tanki jeusi saa nane mchana yana joto linalokaribia nyuzi 30 bila kulipia senti. Siku hizi nyuzi 60 ni kwa mashuka ya mgonjwa na nepi, basi.

Umeme ulipomkatikia katikati ya kazi, alinipigia simu karibu analia: mlango umejifunga na maji yamejaa. Nikamwelekeza kwenye kile kimlango kidogo chini, pembeni. Mle mna kichujio cha pampu. Unaweka sinia chini yake, unafungua polepole, maji yanatoka. Tulikuta mle sarafu mbili za shilingi 200, pini ya hijabu na kifungo cha sare. Kichujio hicho kisafishwe kila mwezi. Mashine nyingi ninazosikia zimekufa pampu zilianzia hapo.

Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono ina povu jingi, na kwenye mlango wa mbele povu hilo linaizuia mashine isisuuze vizuri. Nunua iliyoandikwa ni ya mashine. Wenye maji ya kisima yenye chumvi, ambayo sehemu nyingi za jiji hili tunayajua, wataona hita inavaa gamba kama birika la chai. Kwao mashine isiyo na hita ni nafuu tena.

Na kwa wanaotazama mashine zilizotumika: geuza mgongo wake, soma kibandiko. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Iliyotoka Uingereza inakubaliana nao. Iliyotoka Japani imetengenezwa kwa volti 100, ya Marekani kwa 120 na hezi 60. Ukiichomeka ukutani moja kwa moja, utasikia moshi kabla hujauona.

Mama mkwe hakuipokea mashine yetu ya mapipa mawili siku za mwanzo. Alisema rangi za kanga zake zitachuja, na kwa kanga mpya alikuwa na haki, maana kanga mpya huoshwa peke yake. Alikaa kwenye kigoda na beseni lake dogo, akafua doti yake moja taratibu, na kwenye kufua hakuonyesha maumivu. Ilipofika kukamua, alikunja uso. Nilikuwa naishi naye mwaka wa pili na sikuwa nimetambua kwamba ni kule kusokota tu kunakomtesa. Dada akaichukua ile kanga mkononi mwake bila kusema neno, akaizungushia ukingoni mwa pipa la pili, akafunga, akazungusha swichi dakika mbili.

Mama akaipokea, akaibana kwa vidole viwili. Hakuna tone. Akamwambia dada amletee na ile ya jana iliyoko kwenye ndoo. Tangu hapo anafua mwenyewe, kwa mkono, kwa sabuni ya mche, asubuhi kabla jua halijawa kali, kisha anaita kutoka uani, "Njooni mniwashie hicho cha kukamulia."